Afya ya mafundi wako: mwongozo kamili kwa mwenye karakana au kiwanda kidogo

Mwajiri akiamua kujali afya ya wafanyakazi, mara nyingi huanza na bonanza. Fulana zinachapishwa, timu ya vanishi inacheza na timu ya mashine, muuguzi anakuja na kipima presha, picha zinapigwa. Jumatatu watu wanarudi kwenye vumbi lile lile, wanakunywa maji kwa kikombe kimoja kilichofungwa kamba kwenye ndoo, na fundi aliyeambiwa Jumamosi kwamba presha yake ni 170 hajui aende wapi. Sina ugomvi na bonanza. Ila nafasi yake ni ya mwisho kwenye foleni.

Mwongozo huu ni wa mwajiri wa Tanzania mwenye watu kuanzia kumi hivi hadi mia. Tutachukua mfano wa karakana ya samani yenye watu 40, ya aina iliyojaa Keko, Dar es Salaam: mafundi wa mashine, wapiga msasa, wapaka vanishi, saidia fundi, madereva, dada wa mauzo na mhasibu. Mshahara wa wastani tuuweke shilingi 500,000, yaani shilingi milioni 20 kwa mwezi kwa wote. Kazi yako ikiwa ni hoteli, kiwanda cha mikate au gereji, hatua ni zile zile. Kinachobadilika ni hatari zilizopo.

Hatua ya 1: Zunguka karakana na daftari

Usiitishe kikao kwanza. Chukua daftari, zunguka saa tatu asubuhi, saa nane mchana na jioni watu wanapofunga kazi, uandike unachokiona.

Anza na kelele. Simama na mtu umbali wa mita moja karibu na mashine ya kuranda. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, kelele hizo zimeshafika kiwango cha kuua masikio taratibu. Kikomo kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu: kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2. Viziba masikio ni bei ndogo, lakini fundi havivai kwa sababu anataka kusikia mashine "inavyolia". Ana haki, mlio ndio unaomwambia msumeno umegoma. Kwa hiyo tafuta vile vya kichwani vinavyovuliwa na kuvaliwa upesi, na tenga mashine zenye kelele mbali na wapiga msasa, ambao hawana sababu yoyote ya kuumia masikio.

Halafu vumbi, na hapa kaa muda mrefu. Angalia kinachotokea saa kumi na moja jioni. Fundi anachukua mpira wa kompresa, anajipuliza suruali, shati, mabega, kisha anainama mwenzake ampulize mgongoni na nywele. Vumbi laini la msasa, lile usiloliona vizuri, linapaa na kubaki hewani, na kila aliyepo analivuta. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Pumu na kikohozi kisichoisha huja mapema zaidi ya hapo. Upepo wenyewe wa kompresa ni hatari: unaweza kujeruhi jicho au kuingiza hewa chini ya ngozi penye kidonda.

Usibandike tangazo la "marufuku kujipuliza". Fundi anajipuliza kwa sababu hataki kupanda daladala akiwa mweupe kama muuza unga. Mpe njia nyingine. Nunua ovaroli mbili kwa kila mtu zibaki kazini na zifuliwe kazini, weka bomba la maji na sabuni, na kama kuna nafasi, jenga bafu moja. Kujipuliza kutapungua sana bila ya wewe kufokea mtu. Kwenye mashine zenyewe funga kifaa cha kunyonya vumbi linapotokea. Hata cha bei ya kati kinafanya kazi kuliko barakoa za mwaka mzima. Ufagio mkavu usitumike kabla ya kunyunyiza maji. Barakoa ni ya mwisho, na iwe ya kuchuja vumbi laini, siyo ya kitambaa.

Chumba cha vanishi kina sheria zake. Mvuke wa thina haupungui kwa barakoa ya vumbi, unahitaji barakoa yenye vichujio vya kemikali, na vichujio hubadilishwa. Rangi na vanishi za kuchanganya makopo mawili nyingi zina kemikali iitwayo isosayaneti, ambayo huanzisha pumu kwa mtu asiyewahi kuwa nayo. Mtu akishaipata hivyo, kiasi kidogo tu kinaweza kumbana kifua tena. Fundi wa rangi akianza kukohoa usiku na kupata nafuu siku za mapumziko, mpeleke kwa daktari na umweleze daktari anachopulizia.

Mwisho angalia choo na maji. Muulize dada wa mauzo anakunywa maji kiasi gani. Akikwambia hanywi hadi arudi nyumbani kwa sababu choo ni kimoja, hakina mlango wa maana na wanaume 35 wanakitumia, huenda umepata chanzo cha U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) zinazomsumbua. Choo cha wanawake chenye kitasa, maji na ndoo ya taka yenye mfuniko ni huduma ya afya kuliko semina yoyote. Maji ya kunywa yawekwe kwenye chombo chenye bomba na mfuniko, kila mtu awe na chupa yake, na kile kikombe cha kamba kistaafu leo.

Hatua ya 2: Timiza yaliyo ya lazima

Sajili karakana OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Sheria hiyo ndiyo inayodai ukaguzi, wawakilishi wa usalama na afya, huduma ya kwanza, na uchunguzi wa afya wa wafanyakazi: wanapoanza kazi, kila baada ya muda wakiwa kazini, na wanapoondoka. Waajiri wengi huuona uchunguzi huu kama kodi nyingine. Ukitumika vizuri, ndio unaokuonyesha kwamba masikio ya mafundi watatu wa mashine moja yanazidi kufifia kila mwaka.

Pili ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, na anayelipa ni mwajiri peke yake. Kwa karakana yetu ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Usimkate fundi hata senti. Mfuko unagharamia matibabu ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, ulemavu wa muda au wa kudumu, utengamao (kumsaidia aliyeumia arudi kwenye kazi na kujitegemea), msaada wa mazishi na pensheni ya wategemezi. Msumeno ukikata kidole, mpeleke mtu hospitali kwanza, andika maelezo siku hiyo hiyo pamoja na majina ya walioona, kisha toa taarifa WCF ndani ya siku 7.

Hapa kuna tabia mbaya inayopendwa: kumaliza mambo mezani. Bosi anatoa laki mbili, fundi anashukuru, anapumzika wiki. Miezi mitatu baadaye mkono haukunji, hakuna taarifa iliyoandikwa, na ile laki mbili imemgharimu kila kitu alichostahili kupata. Na wewe unabaki na kesi.

Tatu ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Una haki ya kudai cheti cha daktari. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja, na mama akirudi ana muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mtafutie chumba chenye kiti na pazia, stoo ya thina haifai.

Saa za kazi nazo ni afya. Kawaida ni saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Oda ya viti vya ukumbi ikibana, kishawishi ni kulaza watu karakanani. Ajira ya vibarua wawili wa kupiga msasa ni nafuu kuliko fundi aliyesimama mbele ya msumeno kwa saa ya kumi na tatu.

Hatua ya 3: Bima, na maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mchango wa sekta rasmi kuwa asilimia 6 ya mshahara, mwajiri akilipa isiyopungua nusu. Kwa mfano wetu ni shilingi 30,000 kwa kila mtu, wewe ukitoa 15,000, au 600,000 kwa mwezi kwa watu wote 40. Bei ya kitanda kimoja cha mninga, basi. Mchango huo humbeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne.

Ukienda bima binafsi, wakala atakuja na kipeperushi kizuri. Mwache amalize, kisha uliza haya. Kikomo cha matibabu ya kulazwa na ya kwenda na kurudi ni kiasi gani, na ni cha mtu au cha familia nzima? Mwenye presha au kisukari tangu zamani anatibiwa kuanzia lini? Uzazi una muda wa kusubiri? Macho yamo? (Mafundi wengi waliozidi miaka 40 wanapima mbao kwa kukisia kwa sababu hawana miwani ya kusomea, ukiweka miwani kwenye bima hata mbao zinazoharibika zinapungua.)

Swali linalosahaulika kuliko yote ni orodha ya hospitali. Wewe unaangalia zilizo karibu na ofisi. Fundi anafanya kazi Keko lakini analala Mbagala, Chanika au Gongo la Mboto, na mtoto huugua saa nane usiku. Andika wanakoishi wafanyakazi wako wote, weka orodha mbili kando kwa kando, na kama kata tatu hazina kituo, mwambie wakala arudi na jibu.

Kadi zikifika, usizigawe kimya kimya. Tumia nusu saa kuonyesha kadi inavyotumika, nani amwite akikataliwa dirishani, na kwamba mtu haachi kuitumia kwa kuogopa kuonekana mgonjwa. Vibarua hawatakuwemo kwenye bima, na wao ndio wanaobeba mbao. Ingia makubaliano na zahanati ya jirani: kibarua aliyeumia anatibiwa kwa karatasi yenye muhuri wako, bili inakuja mwisho wa mwezi.

Kwa wasomaji wa Kenya mpangilio ni mwingine. Tangu Oktoba 2024 mchango wa SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii wa huko, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na unakatwa kwa mfanyakazi. Mwajiri anayetaka kuongeza kitu huongeza kwa hiari yake juu ya hapo.

Hatua ya 4: Kupima, na kunyamaza

Panga siku ya kupima afya mara moja kwa mwaka: presha, sukari, macho, masikio, kifua. Presha ya 140/90 na kuendelea inahitaji kurudiwa siku nyingine kabla ya mtu kuitwa mgonjwa, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita nayo hurudiwa. Kabla muuguzi hajafungua mkoba, uwe na jibu la swali moja: atakayekutwa na tatizo anaenda wapi, lini, na nani anamlipia nauli na siku hiyo? Kama huna jibu, ahirisha.

Majibu ni ya mfanyakazi. Unachopaswa kupata wewe ni idadi tu: watu kadhaa wana presha, kadhaa wanahitaji miwani, na maelezo kama mtu anafaa kwa kazi yake au anahitaji kubadilishiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kupima VVU kwa lazima ni kosa kisheria tangu 2008, na hakuna mahojiano ya kazi yanayohitaji jibu hilo.

Ila sheria haitoshi. Muuguzi akikaa kwenye kona ya ofisi ya msimamizi huku mlango uko wazi, na akasema kwa sauti, "Mzee, sukari hii, soda tuache", karakana nzima itajua kabla ya chai. Mwaka unaofuata wenye hofu wote watakuwa na msiba siku hiyo. Tafuta chumba cha pembeni, au peleka watu zahanati kwa makundi ya watano. Msimamizi asiwepo.

Dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Kinachohitajika kwako ni muda. Mtu wa kifua kikuu anapumzika hadi daktari aseme arudi, na akirudi anaendelea na dawa kwa miezi. Mkataba wake usiguswe. Mtu anayejua atafukuzwa atakohoa kimyakimya kati ya wenzake 39.

Hatua ya 5: Sahani ya mchana

Ukitaka kubadilisha tabia moja tu, badilisha hii, maana watu wote wanakula na wanakula kila siku.

Waajiri wengi hutoa posho ya chakula taslimu, na ukiuliza utaambiwa, "Bosi, sisi tupe mkononi tu." Inaeleweka. Hela hiyo inanunua unga nyumbani, inalipa mchezo wa kuchangiana kwa zamu, inalipa ada. Fundi mwenyewe saa nne anakunywa chai ya sukari na maandazi mawili, saa nane soda na mkate, na saa kumi mikono inatetemeka kwenye mashine. Soda ya mililita 350 pekee ina sukari ya gramu 35 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25.

Ninachopendekeza ni chakula kitolewe kama chakula, posho isipunguzwe yote. Zungumza na mama lishe ambaye tayari analisha watu wako, usilete kampuni ya upishi. Mpe uhakika wa sahani 40 kila siku na malipo kila Ijumaa bila kuchelewa. Kwa uhakika huo atakubali masharti yako: maharage au dagaa kila siku, mboga za majani kijiko kikubwa cha kweli, tunda moja, mafuta yapimwe kwa kikombe badala ya kumiminwa, chumvi isiwekwe mezani. Kiwango cha chumvi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, na mtu mwenye mkono mwepesi huimaliza kwenye kachumbari peke yake. Ugali na wali usivipunguze kwa fundi anayebeba mbao, atakuona mchoyo na atakuwa sahihi. Anayepaswa kupunguza ni mhasibu.

Chai ya saa nne iache, ni desturi na inaunganisha watu. Ila sukari iwe mezani kila mtu ajiwekee, badala ya chai iliyokwisha kutiwa sukari kwenye chupa. Ongeza viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha au mayai kando ya maandazi. Usiondoe maandazi. Wakati wa mwezi wa Ramadhani, sogeza kazi nzito ziwe asubuhi, na mapumziko ya mchana yawe ya kulala kidogo.

Hatua ya 6: Pombe, sigara, mazoezi na madeni

Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo zinaingia mfukoni vile vile. Kanuni iwe moja na iwe ya wote, pamoja na shemeji yako: anayenuka pombe hagusi mashine siku hiyo, anarudishwa nyumbani salama. Ikijirudia, mnakaa naye pamoja na mtu anayemheshimu mnatafuta msaada, kabla ya barua ya onyo. Sigara kwenye chumba cha thina ni moto, na nje ya hapo weka sehemu moja mbali na chakula.

Mazoezi: fundi anayesimama na kubeba siku nzima hahitaji kukimbia, anahitaji mgongo wake. Nunua matoroli ya kusukumia mbao, inua meza za msasa zifike usawa wa kiuno, badilishana kazi kila saa mbili. Wa ofisini na madereva ndio wa kuhimizwa dakika 150 za kutembea kwa wiki. Dar ina vilabu vya joging karibu kila mtaa, lipia ada ya wanaotaka, usiwalazimishe wasiotaka.

Madeni huwekwa pembeni kwenye mazungumzo ya afya, nami naona ni kosa. Fundi aliyekopa kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, hapati usingizi. Wadai wanamsubiri getini, simu inalia akiwa kwenye msumeno. Weka utaratibu ulioandikwa wa mtu kukopa sehemu ya mshahara wake kabla ya tarehe, isiyozidi theluthi moja, ombi lijibiwe siku hiyo hiyo, na saidia wafanyakazi waanzishe kikundi chao cha kuweka na kukopa.

Hatua ya 7: Mtu, daftari na mlango wa kutokea

Kamati ya watu watano inatosha: mwakilishi wa mashine, wa vanishi, wa ofisi, mwanamke mmoja angalau aliyechaguliwa na wanawake wenzake, na wewe au mtu anayeweza kutoa hela bila kuomba ruhusa. Mkutane dakika 30 kila mwezi mkiwa na daftari lenye safu nne: ajali na matukio ambayo watu waliponea chupuchupu, siku za ugonjwa kwa idara, malalamiko, na lililofanyika tangu mwezi uliopita. Safu ya mwisho ikikaa tupu miezi miwili, watu wataacha kuleta malalamiko, nawe utadhani mambo yamekuwa mazuri.

Siku za ugonjwa zisome kwa makini. Zikipanda mwaka wa kwanza usishtuke, huenda watu waliokuwa wanakuja wagonjwa sasa wanapumzika. Zikijaa idara moja tu, rudi hatua ya kwanza na daftari lako.

Mtu akiacha kazi, mpeleke kwenye uchunguzi wa kutoka, hakikisha anapewa majibu yake, hasa ya masikio na kifua, na maelezo yoyote unayobaki nayo wewe yahifadhi kwa siri. Mwambie kwa maandishi kadi ya bima inakoma tarehe gani, ili mke wake asiijue habari hiyo dirishani akiwa amembeba mtoto.